Kadi ya Mgeni wa Kumi na Nne

Kiti kilikuwa kimelowa. Ndicho kitu cha kwanza alichokiona Krusche, mtumishi mkuu, wageni walipokwisha ondoka na yeye kuanza kukusanya sahani. Mto wa kiti ambacho hakikukaliwa na mtu ulikuwa chepechepe, tena ulinuka matope ya ziwani. Ziwa lenyewe, kule mwisho wa bustani, lilikuwa limeganda tangu kabla ya Krismasi.

Kosa lilikuwa la Baroni Lothar mwenyewe, wala tusimsingizie shetani. Jioni ile mgeni mmoja alishikwa na mafua, watu mezani wakabaki kumi na watatu. Kwetu Mecklenburg hakuna mwenye akili zake anayekaa kwenye meza ya watu kumi na watatu, maana mmoja wao hamalizi mwaka. Dawa yake ni ndogo: unaongeza kiti na sahani, mnakula kwa amani. Lakini Baroni alikuwa balozi wa Kaisari kwa miaka mingi, kaishi Petersburg na Stambuli. Kwake yeye kiti bila kadi ya jina ni ushenzi, na kutembelewa bila kurudisha ziara ni aibu ya kufa nayo. Akachukua kadi, akaandika jina la kaka yake Joachim, aliyezama kwenye ziwa lile barafu ilipopasuka wakiwa vijana, na maiti yake haikuonekana.

"Lothar, usimfanyie marehemu mchezo," alisema mkewe, Bibi Hedwig.

"Utani tu, mke wangu. Tena kila bwana hupewa bibi wa kumshika mkono na kumwingiza mezani. Tumpe Ottilie. Si baba yake mkubwa?"

Ottilie, binti yao wa pekee, alikunja mkono hewani kana kwamba ameshikwa, akaingia chumba cha kulia huku wote wakicheka. Kicheko hicho kiliwatokea puani.

Kesho yake walikuwa watatu tu kwenye chakula cha jioni. Ottilie alishuka ngazi taratibu, mkono umekunjwa vilevile.

"Shusha mkono, Tilli. Mzaha wa jana umekwisha," mama yake alimwambia.

"Siwezi, Mama. Alikuwa ananingoja mlangoni kwangu."

"Nani?"

"Bwana mliyenipa," alinong'ona. "Hasemi kitu. Anachuruzika maji tu."

Hedwig akamgusa. Mkono wa gauni ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko, na ngozi ya ndani ilikuwa baridi ya kutisha.

Daktari akaja, akaagiza mvinyo wa moto. Mchungaji akaja, akasali kwa sauti kubwa, akaondoka na soksi zilizolowa na hakurudi tena. Krusche alikibeba kile kiti mpaka zizini, akakikuta mezani kabla ya chakula cha mchana, ubavuni mwa Ottilie. Kadi ya Joachim ilitafutwa ichomwe moto, haikuonekana.

Basi ikawa kila jioni, kengele ya chakula ikishalia, husikika viatu vilivyojaa maji vikiingia kutoka mlango wa bustani, vikipanda ngazi moja moja bila haraka, vikisimama mlangoni kwa Ottilie, kisha hushuka vishindo vya watu wawili na harufu ya tope ikitangulia, na chakula kikiisha huyo mgeni humtoa binti nje ya chumba, leo mpaka ukumbini, siku nyingine mpaka mlango wa bustani, siku nyingine mpaka chini kwenye nyasi, hata jioni moja, barafu ikiwa imeanza kulia na kupasuka, wakamkuta msichana wa watu amesimama ukingoni mwa ziwa na viatu vya ndani, midomo myeusi, akiwaambia kwa adabu zote kwamba wasihangaike, bwana wake anamsindikiza nyumbani.

Hedwig alimbeba binti yake akilia njia nzima.

"Wewe uliyebishana na masultani," alimwambia mumewe, "unashindwa kumwondoa kaka yako?"

"Nilimwalika kwa mkono wangu, Hedwig. Mgeni uliyemwalika hafukuzwi."

"Hafukuzwi, sawa. Lakini hubadilishiwa bibi."

Jioni iliyofuata Hedwig alivaa hariri nyeusi, lulu, na glavu zake nyeupe zinazofika juu ya kiwiko, akaenda kusimama mlangoni kwa Ottilie. Kengele ikalia. Viatu vikapanda. Harufu ilipomfikia usoni hakurudi nyuma.

"Joachim," alisema kwa sauti ya chini, "umepewa mtoto kimakosa. Bibi wa nyumba hii ni mimi. Nipe mkono."

Mle chumbani mkono wa Ottilie ukaanguka. Wa Hedwig ukainuka.

Walishuka, wakaketi, hakuna aliyekula. Kisha Hedwig akasimama, akamwongoza mgeni wake hadi mlango wa bustani.

"Asante kwa kuja. Mwenye nyumba humfikisha mgeni mlangoni tu."

Akavuta mkono. Haukutoka. Baridi ikampanda mpaka begani. Kwa mkono wa kushoto akafungua vifungo vya glavu, kimoja kimoja, akauchomoa mkono wake mtupu, na ile glavu haikuanguka, ilibaki hewani na vidole vyake vimekunjika juu ya mkono usioonekana, ikashuka ngazi, ikavuka nyasi, ikaenda zake juu ya barafu mpaka macho yakashindwa kuiona.

Usiku ule Ottilie aliomba supu ya viazi, akala sahani mbili. Krusche alilia jikoni bila kuficha.

Ila mabwana wa kwetu, mtu akila kwako, kabla juma halijaisha huja kuacha kadi ya shukrani. Akimtuma mtumishi, kadi huwa nzima. Akija mwenyewe, huikunja pembe, nawe huna budi kwenda kwake mwenyewe.

Jumapili mchana, kwenye sinia ya fedha ukumbini, waliikuta glavu, imekunjwa vizuri, inachuruzika. Juu yake palikuwa na kadi ya Joachim. Pembe ilikuwa imekunjwa.

"Usiende," Hedwig alisema. "Itupe motoni."

"Nisipokwenda atarudi kuuliza kulikoni. Na unadhani atamuuliza nani?"

Ghorofani Ottilie alikuwa anapiga piano, anakosea, anacheka mwenyewe. Wote wawili waliinua macho wakimsikiliza.

"Ziara ya bwana hurudishwa na bwana," Baroni alisema. Akambusu mkewe. Akaomba koti na kofia ndefu, akatoa kadi yake mfukoni, akaikunja pembe.

Krusche alimfungulia mlango wa bustani. Barafu ilikuwa imekwisha yeyuka, ziwa lilikuwa jeusi na limetulia. Baroni alishuka ngazi wima kabisa, na alipofika kwenye nyasi akaivua glavu ya mkono wa kulia, kama mtu anayejua kwamba huko aendako atapewa mkono.