Kati Yake na Mimi

Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mkuu wa shule alikuta barua chini ya mlango wake. Ilikuwa ya Kiingereza, haina sahihi: mkutubi anawaonyesha wanafunzi mitihani kabla haijafanywa. Kufika saa mbili, mkutubi alisharudishwa nyumbani, kazi yake ikining'inia kwenye uzi.

Mwalimu wa Kiingereza aliomba kuisoma. Alikuwa mjane, wanawe wako mbali, na tangu mkutubi aajiriwe mwaka jana, ndiye pekee aliyemuuliza kila siku, "Umeamkaje, dada?"

Mstari mweusi ulishuka ukingoni mwa karatasi: doa la printa ya ofisi. Ufunguo wa ofisi walikuwa nao wawili tu, mtunza stoo na karani. Kisha jicho likanasa kwenye mstari wa tatu: "This matter is between she and the pupils." She, mahali pa her.

Shule nzima ilimnyooshea kidole mtunza stoo. Juzi tu aligombana na mkutubi kwa sababu ya rafu za vitabu.

"Nilimtukana, sikatai," alimwambia mwalimu alipomfuata stoo. "Lakini usoni. Mimi na barua wapi na wapi?"

"Sema kwa Kiingereza: mazungumzo yalikuwa kati yake na mimi. Huyo 'yake' ni mkutubi."

Akajikuna kichwa. "The talk was between him and me."

"Him? Mkutubi ni mwanamume?"

"Aa, mwalimu, kwetu wote si ni yeye tu! Hao he na she wananitoa jasho kila siku."

Barua haikukosea jinsia hata mara moja. Mwalimu akamwachia aende zake.

Saa saba mchana akamkuta karani peke yake ofisini. Alimfundisha miaka kumi na miwili iliyopita. Akampa sentensi ileile.

"The talk was between she and I," karani alijibu bila kusita.

"Kwa nini si 'her and me'?"

"Wewe mwenyewe ulinisimamisha mbele ya darasa niliposema 'me and my sister'. Ulisema me ni ya wajinga. Tangu siku hiyo siitumii."

Kanuni mwalimu alimpa nusu, aibu akampa nzima. Akaweka barua mezani. "Soma mstari wa tatu."

Karani akasoma, akaisukuma kando. "Kosa hilo wanalo wengi."

"Wengi, ndiyo. Wenye ufunguo ni wawili, na mwenzio hasemi hivyo. Alikukosea nini mama wa watu?"

"Hakunikosea. Saa nne, wakati wa chai, ulikuwa ukija kukaa hapa na mimi. Alipokuja yeye, ukahamia maktaba. Mwaka mzima, mwalimu. Hukuuliza hata kama nipo."

Ilikuwa kweli. "Hata hivyo utaandika ukweli wote," mwalimu alisema. "Mkutubi hawezi kubeba mzigo usio wake."

Karani aliandika. Saa tisa mkuu wa shule alimpigia simu mkutubi arudi kesho yake. Karani akaambiwa akusanye vitu vyake. Vilijaa mfuko mmoja tu.

Mwalimu alimsindikiza hadi getini.

"Nyumbani yuko nani?"

"Hakuna mtu."

Akaitazama barabara, kisha akamtazama mwanafunzi wake wa zamani.

"Ningoje hapo," alisema. "Nachukua mkoba, twende wote."