Nyota kwa Jibu la Kwanza

Jumapili ile, baada ya chakula cha mchana, nyumba ya Mwalimu Filimbi ilikuwa imetulia. Mama yake, ambaye mtaa mzima humwita Bibi, alikuwa ameketi karibu na dirisha akifuma kitambaa cha meza, sindano ikiingia na kutoka bila yeye kuitazama. Mwalimu alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Binti yake, wa kidato cha tatu, alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu ya baba yake mkononi. Mke wa Mwalimu alifariki binti akiwa bado ananyonya, kwa hiyo mtoto huyo alilelewa na mikono ile ile iliyokuwa ikifuma. Ikumbukeni mikono hiyo, ndugu zangu, maana habari yangu ni yake.

Jina la Filimbi halikutoka hewani. Mwalimu huyu alifundisha kompyuta, na shule yake ilikuwa na mashine kumi kwa wanafunzi arobaini. Akabuni mashindano. Anaandika swali ubaoni, anapuliza filimbi, na wanafunzi wanakimbizana kulitafuta jibu kwenye mtandao. Wa kwanza kulisoma kwa sauti anabandikiwa nyota ya karatasi ukutani. Wakaguzi walipokuja walipiga makofi, na Mwalimu akavimba kichwa kwa muhula mzima. Binti yake alikuwa na nyota thelathini na moja. Wenzake walimpa jina la Umeme.

Siku moja tu ndipo mchezo ulipotaka kuharibika. Mwanafunzi mmoja mpole wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa na nyota hata moja, alinyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Huyu aliyeandika hapa ni nani?"

"Ukimaliza kumuuliza jina, mwenzako ameshabandikiwa nyota," Mwalimu alimjibu.

Darasa likaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni Umeme. Yule mpole akakaa, akafunga daftari lake. Hakuuliza tena.

Turudi nyumbani. Bibi aliweka kitambaa mapajani, akajishika kichwa. Alikuwa anakunywa dawa za presha kwa miaka sita, na wiki hiyo kila akisimama alikuwa anaona kizunguzungu.

"Mjukuu wangu," alisema, "hebu niangalizie humo. Hizi dawa zangu ndizo zinanizungusha kichwa?"

"Si uende kliniki, Bibi?"

"Kliniki foleni inaanza kabla jua halijatoka. Na wewe si ndiye Umeme?"

Umeme akacheka, akaandika. Kufumba na kufumbua jibu likawa limeshapatikana, lile la juu kabisa. "Ndizo, Bibi. Wanasema dawa za presha zinachosha mwili. Mtu aziache, anywe unga wa majani wiki tatu, presha inakwisha yenyewe. Wanao wakala hata hapa kwetu sokoni."

"Anayesema hivyo ni daktari?"

"Amevaa koti jeupe."

Mwalimu alisikia yote hayo, lakini kusikia si kusikiliza. Aliinua macho kidogo kutoka kwenye madaftari na kuuliza swali moja tu.

"Umetumia muda gani?"

"Haijafika dakika, Baba."

Akatabasamu, akarudi kwenye kalamu yake nyekundu. Mimi tabasamu lile linaniuma kuliko yote nitakayosema hapa. Mwalimu mzima, mwenye cheti, jambo la uhai wa mama yake linapita mbele ya pua yake, naye anapima mwendo.

Bibi akavitia vidonge vyake kwenye kopo la nyuzi, akafunga kifuniko. Unga ulipatikana kesho yake. Kwa siku chache kizunguzungu kilipungua kweli, na Bibi akawa anamsifu mjukuu kwa kila jirani aliyepita dirishani.

Jumanne ya wiki iliyofuata, asubuhi, Mwalimu alikuwa anafunga kamba za viatu aliposikia sindano ikianguka sakafuni. Si kawaida ya Bibi kuangusha sindano. Alipogeuka, alimwona mama yake anaitazama, anataka kuiokota, na mkono hauendi. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja.

"Mama?"

Bibi alijibu kitu, lakini hayakuwa maneno.

Hospitalini walipokelewa na daktari mwanamke, mwenye sauti ya chini na macho yaliyochoka. Alimpima Bibi, akawaagiza wauguzi, kisha akawageukia Mwalimu na binti yake waliosimama ukutani.

"Hiki ni kiharusi. Dawa zake za presha anakunywa?"

Umeme ndiye aliyejibu. "Aliacha kwa sababu ya kizunguzungu. Leo siku ya tisa."

Mwalimu aligeuka kumtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia habari hiyo, na kwa hakika ndiyo kwanza alikuwa anaisikiliza.

"Nani alimwambia aache?" daktari aliuliza.

Binti akatoa simu, akaufungua ukurasa. Daktari hakuwa na haraka. Alisoma taratibu, akishuka mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa, mahali ambapo Umeme hakuwahi kufika. Hapo akasimama, akawasomea maandishi madogo ya rangi ya kijivu: "Hili ni tangazo la muuzaji. Si ushauri wa daktari. Usiache dawa zako bila kumwona mtaalamu."



"Kizunguzungu kile tungekiondoa kwa kubadilisha kidonge kimoja," alisema daktari. "Hukusoma mpaka chini, mwanangu?"

"Hapana. Jibu lilikuwa juu."

"Shuleni hawawafundishi kuangalia aliyeandika ni nani?"

Umeme aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka, asitake kumtaja mtu. Mwalimu angeweza kunyamaza, na daktari asingejua kamwe.

"Mwalimu wake ni mimi," alisema. "Sikumfundisha."

Bibi alinusurika kufa. Lakini mkono wa kulia ulibaki umelala, na maneno yakabaki machache, ya kutafutwa. Kitambaa cha meza kipo mpaka leo, nusu kimefumwa, nusu ni uzi.

Mwalimu aliporudi darasani hakuwa na filimbi shingoni. Wanafunzi walikuwa wameshajiweka tayari, vidole juu ya mashine, wakisubiri ipulizwe. Akaenda ukutani, akazibandua nyota zote, akianza na zile thelathini na moja. Kisha akamwita yule mpole wa dawati la nyuma kwa sauti ya upole.

"Kuna swali uliniuliza, nikakucheka. Naomba uliulize tena."

Mtoto alisimama kwa woga. "Mwalimu, huyu aliyeandika hapa ni nani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu aliliandika swali lile ubaoni kwa herufi kubwa, na darasa likakaa na ukurasa mmoja kipindi kizima: nani kauandika, lini, anauza nini, na wengine wanasemaje. Kengele ililia kabla hawajamaliza.

Jioni hiyo nyumbani, Mwalimu alimkuta binti yake ameketi miguuni pa Bibi, ameikunjua karatasi ya maelezo iliyotoka kwenye boksi la dawa mpya. Alikuwa anaisoma kwa sauti, polepole, bila kuruka neno, hadi jina la kiwanda na anuani yake.

"Basi," Bibi alisema kwa shida.

"Bado, Bibi. Kuna mstari mmoja chini."

Bibi akacheka kwa nusu ya mdomo, akanyoosha mkono wa kushoto, akamshika mjukuu kichwani. Umeme akaumalizia ule mstari akiwa analia.

FUNZO

Ndugu zangu, mtandao si adui. Yule Bibi angeweza kusaidiwa na simu ile ile, kama aliyeishika angefundishwa kuisoma. Anayeandika humo anaweza kuwa daktari, mchuuzi au mwongo, na koti jeupe kila mtu anaweza kulivaa. Walimu, msimpe mtoto sifa kwa kuwahi. Mpeni sifa kwa kuuliza nani anasema na anapata faida gani kwa kusema. Wazazi, mtoto akiwasomea jambo, wekeni kalamu chini mkamsikilize. Na jambo likigusa mwili wa mtu, jibu la simu lipelekwe kwanza kwa mtaalamu aliye hai, hata kama foleni inaanza kabla jua halijatoka. Foleni ile Bibi aliikwepa mara moja. Sasa anaipanga kila mwezi, huku ameshikwa mkono.