Mshipi wa Eñaut

Kila asubuhi, akishamaliza kukamua ng'ombe, Eñaut alikwenda ghalani kufanya mazoezi ya kunyanyua jiwe zito, mchezo wa kijiji chao. Mkewe Garazi aliacha chungu cha maharage mekundu jikoni, akaenda kumfunga mshipi. Ulikuwa mshipi mweusi wa sufu, mrefu mno. Garazi alishika ncha moja kwa mikono miwili. Eñaut aliweka ncha nyingine kiunoni, akazunguka kama pia mpaka mshipi wote ukamwishia mwilini.

Halafu jiwe lilitoka chini. Likakaa mapajani, likapanda kifuani, likatua begani. Garazi alikuwa ameyaona hayo mara nyingi, lakini kila mara alisahau kupumua.

Mwaka ule Eñaut alianza kusema, "Kaza, mke wangu. Kaza zaidi."

"Nikaze mpaka macho yakutoke?"

"Wewe kaza tu. Mshipi ndio mgongo wangu."

Hakusema kwamba kiuno kinamuuma. Sikukuu ya kijiji ilikaribia, na jiwe linalonyanyuliwa uwanjani siku hiyo liliwahi kunyanyuliwa na baba yake, na babu yake pia.

Asubuhi moja aliinama, akapiga ukelele. Maumivu kama moto yalitoka kiunoni, yakapita kwenye tako na nyuma ya paja, yakafika kidole gumba cha mguu. Akajilaza kitandani siku nzima, na kesho yake, na keshokutwa. Binti yao mdogo, Laida, akalia kitandani mwake. Eñaut alijaribu kumchukua, akashindwa.

"Nabeba jiwe, simwezi mwanangu," akasema, akageukia ukutani.

Garazi akamwita jirani yao Itziar, anayetibu viungo na misuli hospitalini.

"Haya shujaa, mbona umelala kama gogo?" Itziar akauliza. "Mkojo na choo unavizuia vizuri? Kati ya mapaja kuna ganzi? Mguu unalegea?"

"Dada, unaniuliza hayo mbele ya mke wangu?"

"Si ndiye anayefua shuka?"

Garazi akaangua kicheko. Eñaut akajibu kwamba hayo yote hana.

"Afadhali. Ungekuwa na hata moja, tungekwenda hospitali sasa hivi, bila kungoja kesho."

Itziar akapitisha kidole kutoka kiunoni mpaka unyayoni. "Neva, yaani mshipa wa fahamu, hupita humu. Hapa juu ni nene kama kidole changu. Ndiyo inayoamrisha misuli ya mguu. Imebanwa huko kiunoni, ndiyo maana inachoma mpaka chini."

Garazi aliutazama mguu wa mumewe kana kwamba hajawahi kuuona. Jiwe lote lile, na kinachoamrisha mguu unaolibeba ni uzi uliojificha ndani ya nyama!

"Mimi ndiye niliyekaza mshipi," akasema polepole.

"Mshipi unasaidia kushikilia. Hauponyi. Ulimpa ujasiri wa kunyanyua hali ameumia. Sasa aamke. Atembee kidogo, apumzike, atembee tena. Kulala kutwa kunamkakamaza. Vitu vizito aache kwanza. Dawa ya maumivu aulize kwa daktari."

"Na sikukuu?" Eñaut akauliza.

"Utakunywa mvinyo wa tufaha na kupiga makofi."

"Watasema nimeogopa."

"Waseme. Wao hawatakuvalisha soksi ukishindwa kuinama."

Eñaut akaanza kutembea mpaka lango la ng'ombe na kurudi. Sikukuuni walimtania kweli, naye akavumilia. Moto ukapungua mguuni wiki baada ya wiki. Itziar akamfundisha upya kwa ndoo tupu: kunja nyonga na magoti, weka mzigo karibu na kifua, ukigeuka geuza miguu, usipinde kiuno. Kisha jiwe dogo la watoto. Kisha kubwa kidogo. Maumivu yakirudi mguuni, alipunguza uzito.

Kiangazi kilichofuata, Garazi alishika ncha ya mshipi katikati ya uwanja. Eñaut akazunguka. Garazi akapenyeza vidole chini ya sufu, vikapita.

"Nikaze?"

"Inatosha, mke wangu."

Jiwe likatoka chini. Lilipotua begani, wazee walivua kofia zao.

Akalishusha. Kisha akakunja magoti, akamvuta Laida kifuani, akampandisha begani palepale jiwe lilipokuwa. Garazi akasahau kupumua.