Kambale Aitwe Kambale

Kila Ijumaa baada ya shule, Shamila humsaidia shangazi yake, Zena, kukaanga samaki sokoni Newala. Shangazi hukata vipande, Shamila huvipaka chumvi na unga. Wateja wengi hutaka perege, lakini wiki hii bodaboda kutoka Ruvuma ilileta kambale watupu.

Shangazi Zena alikata vichwa vyenye sharubu akavitupa. "Akishapakwa unga, nani atamjua? Atakayeuliza, mwambie ni perege."

"Na Mama Yasinta?" Jirani yao huyo ni Msabato, na Wasabato hawali samaki asiye na magamba. Perege ana magamba, kambale hana.

"Kwani akila atakufa? Wewe kaanga."

Shamila alikaanga huku amenuna. Haukupita muda, Mama Yasinta akafika.

"Shikamoo, Mama Yasinta."

"Marahaba, mwanangu. Nifungie vipande vya perege."

Shangazi alimkazia Shamila macho. Shamila aliweka kando uma wa kugeuzia samaki.

"Leo hakuna perege, mama. Hawa wote ni kambale."

"Ukiniharibia biashara, usikanyage hapa tena," shangazi alifoka.

"Basi sikanyagi." Shamila hakuinamisha kichwa. "Nipige ukitaka, shangazi. Simlishi mtu asichokula kwa jina la uongo."

Mama Yasinta alimgeukia Zena. "Siku zote ukisema perege, nakula bila kukagua. Sasa nitakuaminije?" Akaondoka mikono mitupu, naye Zena akainamisha kichwa kwa aibu.

Mahmudu, fundi baiskeli wa jirani, alikuwa amesikia yote. "Kumbe kambale yupo na mnamficha? Namtafuta tangu asubuhi."

Shamila hakungoja ruhusa. Alipanda juu ya kreti tupu la soda akanadi kwa nguvu, "Kambale! Kambale wa Ruvuma!" Wapenzi wa kambale wakaanza kusogea mmoja mmoja.

Jioni, Shangazi Zena alikwenda na Shamila kwa Mama Yasinta kuomba radhi. Njiani kurudi alimwambia Shamila, "Umenibishia mbele za watu, na bado nina hasira nawe. Lakini mtu huchagua chakula chake kwa jina tunalomtajia. Tukimdanganya jina, tumempokonya haki ya kuchagua. Ijumaa ijayo uje, na wewe ndiye utakayenadi."