Usaili Katika Chumba cha Bibi

Anayedhani natia chumvi aje aniulize, maana haya sikuhadithiwa na mtu. Yalimkuta dada yangu wa tumbo moja, mchana kweupe, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Siku ilianza vizuri tu. Mama alikuwa uani anafua mashuka. Mtaani, fundi wa kuchomelea vyuma alishaanza kututoboa masikio. Dada, ambaye nyumbani tunamwita Wakili kwa sababu anaweza kubishana hata na redio, alikuwa anapiga pasi blauzi yake nyeupe. Kazi yake ni kupima maji maabarani, na mchana ule alikuwa na usaili wa mwisho wa ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo. Walioomba walikuwa maelfu. Waliobaki walikuwa wachache, naye yumo.

Usaili ulikuwa wa kwenye kompyuta, na kelele za fundi zilikuwa zinaingia kila chumba isipokuwa kimoja tu. Chumba cha nyuma, cha bibi, ambacho hakuna aliyelala humo tangu tumzike.

Bibi huyu, mzaa mama, alitulea na alitupenda, lakini hakutaka mtu atoke. "Humu haendi mtu mbali," alikuwa akisema huku akicheka, kama anatania. Mjomba alipata chuo ng'ambo; asubuhi ya safari miguu ikagoma, akabebwa kurudishwa kitandani. Ndege ilipoondoka akainuka, akaomba chai. Mama mdogo naye siku ya usaili sauti ilimkauka, ikarudi kesho yake. Madaktari hawakuona kitu. Majirani walikuwa na jina lao la jambo hilo, nasi tulilijua, ila hatukulitamka.

Mama alipomwona dada anabeba kompyuta kuelekea kule nyuma, aliyaacha mashuka kwenye beseni.

"Mwanangu," akanong'ona, "chumba kile hapana. Nenda hata kwa jirani."

"Kelele za fundi hata kwa jirani zipo, mama. Na kama bibi ananitaka, asihangaike kunitafuta. Nitakuwa chumbani kwake."

Nililipenda jibu lile. Niliogopa pia, sisemi uongo.

Akaweka kompyuta juu ya meza ndogo, akakaa, nyuma yake ukuta mtupu. Akaniambia nisimame nje niushike mlango. Sharti la usaili lilikuwa kali: mwombaji awe peke yake chumbani. Akionekana mtu mwingine, wanakata na jina linafutwa.

Mwanzo wote niliusikia. Dada akaeleza habari za visima, vijidudu na mabomba yaliyooza. Mwenyekiti wa jopo, mwanamke, akacheka kidogo. Moyo wangu ukatulia.

Ghafla akamkatiza.

"Samahani," mwenyekiti akasema. "Tuliomba uwe peke yako."

"Niko peke yangu."

"Na huyo mama mzee nyuma yako ni nani?"

Nikakaza mkono kwenye kitasa. Ndani nikasikia kiti kikilia. Dada aligeuka.

"Hapa hakuna mtu," akasema.

"Amekushika mabega," akajibu mwanamume mmoja wa jopo. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Anatikisa kichwa. Anakataa."

Nilitaka kukimbia. Lakini mlango nilikabidhiwa mimi. Dada akavuta pumzi, na alipofungua mdomo hakusema na jopo tena. Aliiacha lugha yao, akashika yetu.

"Shikamoo, bibi. Mjomba umemkalisha, mama mdogo umemnyamazisha, hujatosheka? Mimi sikai. Nimefeli nikarudia, nimesoma watu wamelala, hili ni jasho langu. Toa mikono yako. Mlango ule pale. Na ukitoka usiubamize, watu tuko kazini."

Mtaani, ule mlio wa fundi ulikatika.

"Amemwachia," mwenyekiti akanong'ona. "Anatembea. Anaelekea mlangoni."

Mlangoni nilikuwa mimi.

Kitasa kikazunguka mkononi mwangu. Sikukizungusha. Mlango ukafunguka taratibu. Sikuona mtu. Nilimwona dada, blauzi imekunjamana mabegani, machozi yanamtoka na kidevu kakiinua juu. Kitu cha baridi kikapita ubavuni kwangu. Kikasimama. Kikanikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama bibi alivyokuwa akitushika kuvuka barabara. Kisha kikaniachia.

"Tuendelee?" dada akauliza.

Wakaendelea, sharti hakuna aliyelitaja tena. Na akapata! Siku ya safari alitembea kwa miguu yake mwenyewe, anabishana na dereva wa teksi kuhusu njia ya mkato, na mama akalia mpaka akacheka. Sasa hivi yuko huko, anawasumbua maprofesa.

Mimi nimebaki na alama. Vidole vitano, vyeupe, mwanzoni vilizunguka kifundo cha mkono. Daktari ameitazama, amenipa dawa ya kupaka, ameniuliza maswali ambayo hata yeye aliona aibu kuyauliza. Haiumi na haifutiki. Ila tangu nianze kuomba ufadhili wangu mwenyewe, naamka asubuhi naikuta imesogea. Ilipanda mpaka kwenye kiwiko. Jana ilikuwa begani. Leo nimejitazama kwenye kioo, kidole gumba kimegusa shingo.

Na kiguse. Mimi maombi nimeshatuma.