Sema Unachowaza

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuingia mifupani.

Katika ukumbi wa mapokezi wa kampuni kubwa ya teknolojia, watu zaidi ya mia walisubiri usaili wakiwania nafasi moja. Fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyejifunza kuandika programu kwenye masomo ya jioni, alikuwa akisali kimoyomoyo kifungo cha shati kilipodondoka miguuni pake. Mwenye shati alikuwa fundi simu, mrefu, suruali yake imepigwa pasi hadi inang'aa.

"Dada, nisamehe. Kimechagua siku."

"Kaa hapa. Usipumue." Alichomoa sindano kwenye upindo wa gauni lake la buluu.

"Unatembea na sindano?"

"Kwani wewe hutembei na bisibisi?"

Mwanamume akacheka, akaitoa mfukoni.

Wiki sita zilizofuata simu zao hazikupoa. Fundi simu alishashindwa usaili kama huo mara mbili, kwa hiyo aliujua.

"Mpenzi, hawatazami jibu peke yake. Ukiwa ubaoni, sema kila unachowaza. Kwa sauti."

"Hata nikikuwaza wewe?"

"Hasa hilo. Watakuajiri kwa huruma."

Wote wawili wakafika duru ya mwisho. Mwanamke akapewa swali: panga safari za malori ya mizigo, lori lisirudi tupu. Alilijua. Lakini alipofika ubaoni akafanya alichofanya tangu utotoni kila aliposhikwa na hofu: akafumba macho, akafunga mdomo, akamwomba Mungu. Kisha akaandika, kimya vilevile, mpaka mstari wa mwisho.

"Jibu ni sahihi," msaili alisema kwa upole. "Ila kwa dakika arobaini hatukusikia neno. Hatujui umefikaje."

Angewaambia nini? Kwamba muda wote alikuwa akizungumza, ila si nao?

Nafasi akapewa fundi simu: miaka mitatu ng'ambo, na mkataba haukuruhusu kwenda na mwenza. Siku tisa mwanamke hakupokea simu. Mwanamume akadhani amekasirikiwa kwa kushinda. Kumbe mwenzake alikuwa na haya. Alifundishwa jambo moja tu, na hilo hilo likamshinda.

Siku ya kumi mwanamume akaja dukani alikoshonea mwanamke, kwa shangazi yake. Alivaa shati lile lile. Wateja wawili walikuwa wakijaribu nguo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe unayemkosesha mwanangu usingizi? Ingia basi, unaniziba mwanga."

Akaingia, akasimama mbele ya cherehani.

"Ndege ni kesho. Niambie nisiende, siendi."

Cherehani ikaendelea kunguruma.

"Umenikasirikia?"

"Hapana. Nilikuonea haya."

"Basi sema unachowaza, mpenzi. Kwa sauti."

Mguu ukaacha kanyagio. Midomo ya mwanamke ikachezacheza bila sauti, kama kawaida yake. Alipomaliza na Mungu, akainua uso.

"Nawaza kwamba nakupenda. Nawaza kwamba ukibaki, ipo siku utaniangalia na kuiona hiyo ndege. Na nikikungoja miaka mitatu, nitahesabu siku mpaka nikuchukie. Sitaki kukuchukia. Nenda."

"Usiseme hivyo."

"Si umeniambia niseme?"

Shangazi akaweka mkasi mezani taratibu. Wateja wakabaki wamesimama, pini zikiwa bado mabegani.

Mwanamke akanyoosha mkono, akakishika kile kifungo cha shati, akakivuta kidogo kuona kama bado kimeshika. Kilikuwa kimeshika.

"Naahidi mbele ya shangazi, na mbele ya wageni hawa," alisema, na sauti yake ikafika mpaka barabarani. "Darasa la jioni sitaliacha. Kukuombea sitaacha. Lakini kukungoja, sitakungoja."