Kikombe Namba 417

"Kuna lori limeshatoka."

Sauti ilikwaruza kwenye kifaa cha sikioni.

"Limebeba nini?" Pilipili aliuliza, huku akikoroga uji.

"Unga ulioota ukungu, ndani ya mifuko ya unga wa lishe. Unapelekwa kliniki za watoto. Ukungu huo unakula ini. Anayejua lilipo lori ni bosi wa magendo peke yake, naye yumo kwenye jopo lako la waonjaji."

"Yupi kati ya watatu?"

"Jasusi ni wewe."

Wanafunzi walimwita Pilipili kwa jinsi alivyosahihisha mitihani. Hawakujua kwamba mhadhiri wao wa sayansi ya chakula alificha bastola aina ya Glock chini ya koti jeupe.

Fundi wa maabara alikuwa stoo, kafungwa pingu. Alishasema yote. Aliagizwa kwa simu aweke unga mbovu kwenye kikombe namba 417, ili bosi ajue asichopaswa kumeza. Sura ya bosi hakuwahi kuiona.

Pilipili alibandika namba. Akamimina.

Chumba cha kuonjea kilikuwa na vibanda vitatu na taa nyekundu za kuficha rangi ya chakula. Aliingia Mkuu wa Idara. Akaingia Mkaguzi wa Viwango. Wa mwisho alikuwa Profesa, aliyesimamia uzamivu wa Pilipili na kumliza kila mwezi.

"Leo umepika mwenyewe, binti? Fundi yuko wapi?"

"Tumbo linamsumbua, Profesa."

"Usije ukaunguza. Hata tasnifu yako ilinuka moshi."

"Ndiyo maana ukaichapisha kwa jina lako?"

Profesa alicheka. Meno tu.

Pilipili akapitisha vikombe vidirishani, vitatu kwa kila mtu. Kwa kawaida viwili huwa vya unga uliokwisha kupitishwa, na kimoja, leo namba 417, cha unga mpya. Kazi yao ni kutaja kilicho tofauti.

Mkuu wa Idara alimeza vyote.

Mkaguzi alimeza vyote, akalamba kijiko.

Profesa alimeza cha kwanza. Akameza cha pili. Cha 417 alikitia mdomoni, akainama, akatema. Akasukutua mara mbili.

Mlango ukapiga ukuta. Glock ikagusa kisogo cha Profesa.

"Mwonjaji hutema, mpumbavu wewe!"

"Mbona viwili umemeza?"

Profesa akatupia jicho vikombe.

"Vyote vimetoka sufuria moja. Unga safi. Umetema chakula cha watoto, Profesa."

Mkono wa Profesa uliruka mfukoni. Kiwiko cha Pilipili kikawahi pua. Kisu cha maabara kikaanguka sakafuni.

"Mimi ndiye niliyekufanya mtu! Shukrani ya punda!"

"Mpigie dereva."

"Nitakufukuzisha chuo!"

Pilipili akakoki bastola.

Profesa akapiga, spika wazi, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Uko wapi?"

"Mzani wa malori, njia ya kutoka mjini, bosi. Niko kwenye foleni."

"Kaa hapo hapo. Usiulize!"

Sikioni sauti ikasema, "Mzani. Tunalo."

Mkuu wa Idara alikuwa bado ameshika kijiko.

"Daktari... sasa matokeo ya jopo tuandike nini?"

Pilipili alimfunga Profesa pingu, kisha akafunga vifungo vya koti.

"Andika hakuna tofauti."

Akaenda kufundisha.